Harith Kacheka

Ijumaa, 7 Novemba

Hayat sasa hivi kaipigia friji saluti. Visigino pamoja, mkono kwenye paji, kijiko cha uji chini. Namwambia, mwanangu, friji si afisa. Ananijibu kwa Kiingereza chake kuwa baba ndivyo afanyavyo. Wala! Harith katoka jeshini wiki ya tatu hii, anakaa kochini tu, buti kazipanga mlangoni.

Jana mavyaa, mamake Harith, alikuja kutoka Lewisham, hapa hapa London, kumkaribisha kama kwao Pemba, akafukiza udi sebuleni. Kengele ya moshi ikalia – Harith huyo chini, kamlalia mtoto kumkinga! Hayat akacheka, kadhani mchezo. Mavyaa chetezo mkononi: "Nisamehe baba, nisamehe." Tukafungua madirisha. Baridi.

Jumamosi, 8 Novemba

Fanuel, mwenzake wa kambini, kapiga simu. Nafasi ya kurudi kikosini ipo, anataka jibu kesho. Harith anasema huku Thamesmead hajui mikono yake aipeleke wapi. Nikamwambia, vyombo vipo! Hakucheka.

Jumapili, 9 Novemba

Televisheni wameweka filamu ya zamani, haina rangi, ya wakati wa vita vya Hitla. Ya kuchekesha. Askari karudi uraiani, kapewa suti inampwaya, kaenda kwenye duka lake la viatu. Mkewe ndiye bosi! Mteja akiingia, jamaa anamsimamisha wima, anamkagua soksi. Mavyaa akauliza, "Mzungu huyu ana wazimu?"

"Hana, mama," Harith akasema. "Hajafika bado."

Akaingia bibi mmoja na mbwa wake. Kakataa katakata kukaguliwa, kamwamuru askari apige magoti amvalishe kiatu. Akapiga! Na mbwa naye akanyoosha mguu.

Harith akacheka. Akacheka mpaka kashika mbavu, mpaka ikawa si kicheko tena. Mavyaa akampangusa uso kwa ncha ya kanga. Mimi nilijifanya natafuta rimoti.

Sasa yuko kwenye balkoni, anaongea na Fanuel. Mlango kaufunga. Naona mgongo tu. Akisema anarudi, nitampigia pasi nguo zake, sitalia mbele ya mtoto. Lakini Mungu wangu, asirudi. Abaki hivi hivi, hata akae kochini mwaka. Mikono tutaipatia kazi, mbona ile –

Kakata simu. "Mama Hayat! Hebu njoo, acha kuandika." Uso wake siusomi. Nakwenda, ila nadhani atabaki.