Kahawa Niliyopika Nikimpa Mkwe Mgongo

Mjimwema,
Njombe.
28 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Matilda,

Kamwene, mdogo wangu. Natumaini barua hii inakukuta goti limekuachia na shemeji Filbert amemalizana na kile kikohozi chake. Huko Karagwe mvua zinaendaje? Wajukuu wanakwenda shule? Mimi namshukuru Mungu. Ile homa ya mapafu iliyonilaza Ilembula imekwisha, ingawa nikipanda kilima kifua bado kinanikumbusha. Tangu nitoke hospitali sijarudi Makete. Niko hapa kwa mwanangu Fidelia na mumewe Festo, na wananitunza mpaka naona haya.

Hiyo haya ndiyo iliyonishikisha kalamu. Uliponipigia simu kuuliza kipaimara cha mjukuu wangu Ema kule Makambako kilikwendaje, nilisema kilikwenda vizuri, nikageuza maneno nikakuuliza habari za migomba. Sikukudanganya, kilikwenda vizuri. Ila kuna jambo lilitokea njiani, na ulipopiga simu sebule ilikuwa imejaa watu. Tena nikuambie kweli, hata ningekuwa peke yangu nisingeweza kulitamka. Kuandika naweza, maana huoni uso wangu.

Unajua tulivyolelewa juu ya mkwe wa kiume. Mama yetu hakuwahi kukaa chumba kimoja na mume wangu wala na wako. Mimi nami, tangu Fidelia aolewe, nimeishika njia hiyohiyo. Festo akiingia kwa mlango huu, mimi natokea ule. Salamu tunapeana kwa mbali, kila mtu anatazama chini. Chakula nakula jikoni na Fidelia. Festo ni Mbena, na kwao pia walimfundisha hivyo, basi hatukuwahi kugongana. Watu wa mjini wanatucheka. Mimi nilikuwa najivunia, Matilda. Nilijiona mama mkwe anayejua heshima.

Sasa, Festo ana kitela kimoja, kijumba kidogo cha kukokotwa na gari, alichonunua kwa wazungu fulani waliokuwa wanarudi kwao. Ndani kuna kitanda, rafu, jiko la gesi na kadirisha. Basi. Ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Siku za mapumziko yeye na Fidelia wanakifunga nyuma ya pikapu, wanakwenda kulala porini, mara Kitulo kutazama maua, mara kwenye misitu ya misindano. Zamani niliona ni wazimu, watu wenye nyumba ya matofali kwenda kulala kwenye baridi. Fidelia husema mumewe anakwenda kwa ajili ya kahawa tu. Anabeba buni alizokaanga mwenyewe na kisagio cha mkono, na asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, anapika kahawa ambayo Fidelia anasema nyumbani haipatikani. Mimi nilikuwa sijaionja. Ningeionjea wapi?

Safari ya Makambako tulikwenda na hicho kitela, kwa sababu kwa mwanangu Kornelio, baba yake Ema, wageni wangekuwa wengi na vitanda vichache. Tulikaa watatu mbele kwenye pikapu, Fidelia katikati kama ukuta. Kabla ya Makambako tukaacha lami, tukaingia barabara ya vumbi kufuata magunia ya viazi ya sherehe. Vumbi ninaita kwa mazoea, maana siku hiyo ilikuwa tope tupu. Katikati ya msitu wa misindano, pasipo nyumba wala mtu, gurudumu moja la kitela likalia, likainama. Festo akaingia chini, akatoka na beringi iliyosagika kama unga.

Wakakiinua kwa jeki, wakakiegemeza kwa mawe, wakasema watakimbia Makambako kununua beringi nyingine. Fidelia akaniambia nipande. Nikakataa, maana kifua kilikuwa kimechoshwa na mitikisiko ile, na kitela nacho hakikufaa kuachwa peke yake. Nikawaambia waende tu, mimi nitalala kidogo humo ndani. Wakaenda. Nikavua viatu, nikajilaza.

Haukupita muda nikasikia mtu anakohoa barabarani, kile kikohozi cha kubisha hodi. Kuchungulia, ni Festo anarudi kwa miguu. Baadaye nilijua kwamba Fidelia alisimamisha gari mbele kidogo akasema hawezi kumwacha mama yake mgonjwa porini. Beringi yeye angeweza kuinunua, mfano wake alikuwa nao mkononi, lakini mama angelindwa na nani? Mvua ilikuwa imeshaanza, ile ya kwetu, nyembamba, baridi, isiyo na haraka.

Ningefanya nini, Matilda? Nilivaa viatu nikatoka. Niliona si sawa mimi nilale ndani ya kijumba chenye kitanda cha mkwe wangu naye akiwa nje mlangoni. Nikaenda kusimama chini ya msindano na mwavuli wangu. Yeye aliponiona nimetoka, akavua koti lake la mvua, akalitundika kwenye chuma cha kukokotea, akaenda zake upande wa pili wa barabara, chini ya msindano mwingine, akanipa mgongo. Nikafuata lile koti nikalivaa. Basi tukasimama hivyo, yeye kule, mimi huku, na katikati yetu kijumba kikavu chenye blanketi, hakina mtu.

Niandike na hili, maana ndilo hasa linalonila. Nilimwona analowa. Niligeuka mara moja kuiba jicho, nikaona sweta limemshika mwilini, maji yanamtiririka shingoni. Nikageuza uso. Nikajiambia mwanaume huyo, anavumilia. Nikajiambia yeye ndiye anayepaswa kuingia ndani, mimi nina koti. Na nilijua fika kwamba hataingia huku mama mkwe wake yuko mvuani. Nilijua, na bado sikusema kitu, kwa sababu kusema ningelazimika kumwita.

Nilipogeuka tena alikuwa amechuchumaa. Nikakohoa. Hakujibu. Nikaita, "Baba." Hakujibu. Nikavuka barabara. Midomo ilikuwa myeupe, meno yanagongana, na alipojaribu kunijibu ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi. Nikamshika mkono nikamwinua. Mimi, Lidia, nikamshika mkwe wangu mkono, nikamkokota mpaka ndani.

Nikamwambia avue nguo zilizolowa, nikageukia ukuta. Nikasubiri. Nikasikia anahangaika, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, vidole havishiki." Alikuwa anasema vifungo. Basi nilifumba macho kama mtu anayeingia kwenye sala, nikapapasa, nikafungua vifungo vya shati la mkwe wangu kimoja baada ya kingine. Nikamfunika blanketi, na halikutosha, nikafungua kitenge changu cha juu nikaongeza. Akajilaza, uso ukutani. Mimi nikampa mgongo nikakabiliana na jiko.

Alihitaji kitu cha moto, na majani ya chai yalikuwa kwenye pikapu na vitu vya sherehe. Humo ndani ilikuwapo kahawa peke yake. Nikasaga buni nyingi, nikazimwaga zote kwenye birika pamoja na maji, nikawasha gesi, kama ninavyopika chai. Kitela kimeinama, birika linataka kuteleza, nimelishika kwa mkono mmoja. Likachemka ghafla likafurika, likazima moto, likanichuruzikia miguuni. Harufu ya gesi ikajaa. Festo akasema bila kugeuka, "Mama, funga kile kitufe cha pembeni. Fungua dirisha." Nikafunga, nikafungua. Nikammiminia kilichobaki. Kilikuwa cheusi kama lami, makapi yanaelea. Alikinywa chote, akanishukuru. Kisha nami nikaonja kilichobaki kwenye kikombe changu nikakitema dirishani. Matilda, hata mgonjwa sijawahi kumpa dawa chungu vile.

Nilisema, "Baba, nielekeze."

Akaanza, anasema na ukuta. Nioshe birika. Nichemshe maji peke yake. Nisage buni kiasi cha kujaza kiganja, chengachenga, si unga. Maji yakichemka nizime moto, nisimwage papo hapo, yapumzike. Nikauliza yapumzike mpaka lini. Akasema, "Sema Baba Yetu polepole." Nikaisema kwa sauti, na nilipofika "utusamehe makosa yetu" ikabidi nirudie. Kisha nimwagie maji kidogo tu juu ya kahawa, yailoweshe, niiache ivimbe. Ndipo nimimine yaliyobaki. Nisikoroge sana. Nifunike, nisubiri, halafu nichuje kwa kitambaa taratibu, nisikikamue kitambaa, maana uchungu unakaa mwishoni.

Humo ndani ni padogo mno. Kila nikisogea kiwiko kinagonga miguu yake, kila nikigonga naomba radhi, na yeye anaomba radhi kwa kuwa na miguu. Lakini harufu ilipotoka, nilisimama. Umezoea kahawa wewe, huko kwenu ipo kila uani, hutanielewa. Mimi sikujua kwamba kahawa ina utamu wake kabla ya sukari.

Nikampelekea kikombe kwa nyuma, bila kutazama. Akapokea. Akanywa, akasema, "Hii ndiyo." Nikakaa mlangoni kwenye kidaraja cha kupandia, uso nje, nikanywa yangu. Tukanywa hivyo, mgongo kwa mgongo, mpaka sauti yake ikarudi, akaanza kunieleza habari za baba yake aliyefariki, jinsi alivyomfundisha kukaanga buni kwenye kikaango cha udongo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema sentensi tatu.

Hivyo ndivyo Fidelia alivyotukuta, mume wake amejifunga kitenge cha mama yake. Alipojua mumewe amepona alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope.

Laiti angecheka hukohuko yakaisha. Lakini kule kwa Kornelio, baada ya ibada, akina mama tumekaa kwenye mikeka, Fidelia akasimulia. Alisimulia kwa furaha, maskini, hakujua ananivua nguo mbele za watu. Wote wakacheka. Shangazi Telesia hakucheka. Unajua alivyo, umri umemwinamisha lakini ulimi umesimama. Akasubiri kicheko kiishe, akaniuliza mbele ya wote, "Lidia, porini kule mlikosa hata mti wa kujifichia?"

Nilitazama mkeka. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa sheria zetu alikuwa na haki.

Festo alikuwa amesimama karibu, analeta soda. Akaweka kreti chini, akapiga goti mbali kidogo na shangazi, akasema kwa heshima, "Miti ilikuwepo, shangazi. Tulijificha wote wawili. Mimi ilibaki kidogo nife."

Nami hapo nikafungua mdomo, sijui nilipata wapi nguvu. Nikasema, "Na mimi nilikuwa namwona."

Neno hilo nilidhani litanimaliza. Shangazi akanitazama, akasema mama mkwe aliyemshika mkwe wake anatoa kuku, haya inafunguliwa, basi. Asubuhi yake nikanunua tetea mwekundu kwa jirani wa Kornelio, nikamkabidhi Festo kwa mikono miwili mbele ya shangazi. Akampokea kuku. Shangazi akatema mate kidogo chini, akatubariki, akaomba chai.

Kwa hiyo kwa mila yamekwisha. Kwangu hayajaisha. Naamka nikiuona ule mgongo uliolowa. Nilidhani naheshimu, kumbe nilikuwa naitunza sifa yangu, na mtoto wa watu ndiye anayelipa kwa kuganda. Kama angekufa pale, Matilda, ningesema nini kwa Fidelia? Kwamba nilikuwa na adabu? Wewe ni mdogo wangu lakini umesoma Biblia kuliko mimi. Ukinijibu usinifariji haraka. Niambie unavyoona kweli.

Juzi Festo alikuja mpaka mlango wa jikoni, akasimama, macho bado chini, akasema wiki ya mapumziko wanataka kushuka Ludewa wakalale mahali panapoonekana ziwa, na kwamba kahawa ya asubuhi angependa nipike mimi. Sijamjibu. Nimefua tu koti langu zito, na limeshakauka.

Nisalimie sana shemeji Filbert, mwambie asiache tangawizi. Salamu kwa Anderson na mke wake, na kwa Feliciana wangu, mwambie bibi yake wa Makete anamwombea mitihani. Kornelio, Ema na Fidelia wanakusalimu. Shangazi Telesia naye anakusalimu, anauliza kwa nini huandiki. Barua hii ukishaisoma usimwachie mtu, iweke jikoni kwenye moto.

Mungu wa baba zetu awafunike kwa mkono wake, awape mvua ya kiasi na usingizi mwema, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana sura.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye haya,

Lidia