Usingoje Mkutano, Mama

Kochi, India

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Kiranjeranje, na goti lako limekuachia uswali kwa kusimama. Mimi ni mzima wa mwili. Anakuja nayo mke wa mwenye duka la vitambaa pale Lindi, aliyekuwa huku kwa ndugu zake. Simu nimeikwepa makusudi. Ungesikia sauti yangu ungeanza kunibembeleza, na safari hii sistahili.

Ule mkutano wa mataifa umekwisha. Nilipopata kazi ya ukalimani nilikutambia kwamba wakubwa wa dunia sasa si wale wa zamani peke yao. India, China na Brazili nao wamevuta viti, na kwa kuwa dhiki wanaijua, hawatatusahau. Nikakwambia usiuze korosho ghafi msimu huu, wewe na kina mama wa kikundi mbangue wenyewe, soko litafunguka. Ukaniuliza, "Kwani hao wakubwa wapya hawana kina mama wao wa kubangua?" Nikacheka, mjuaji mimi.

Walidai haki, Mama, na walidai vizuri. Walitaka kura zaidi kwenye mifuko mikubwa ya fedha ya dunia, walitaka wauziane kwa sarafu zao. Nilitafsiri kwa raha mpaka koo likakauka. Kisha mjumbe wetu akauliza: mbona korosho ghafi zinapokelewa vizuri, lakini zilizobanguliwa zinawekewa ushuru mlangoni kwenu? Mwenyekiti, mtu mpole sana, akasema jambo hilo ni zuri, litazamwe mkutano ujao. Mimi ndiye niliyelitia Kiswahili, kwa sauti ile ile tamu ya kazini. Wakaenda kunywa chai na bakuli za korosho za chumvi.

Tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, tena na kipaza sauti mdomoni, ila mkalimani hana ruhusa ya neno lake. Roho inaniuma.

Uza, Mama. Zilizobaki ghafi zipeleke ghala la ushirika kabla minada haijafungwa na unyevu haujaziharibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyekungojesha ni mimi.

Nisalimie kaka Hamisi na wanawe, na shangazi wa Mitole. Bi Somoe, mwenyekiti wenu wa kikundi, mwambie alikuwa na haki ya kuninunia. Karai la kukaangia korosho msilitupe.

Siku ya kuagana walitutembeza kwenye kiwanda cha korosho. Nilikwenda na hasira zangu, nikitafuta wa kumchukia. Mlangoni nikalikumbuka swali lako nililolicheka. Wanao kina mama wao, Mama. Wamekaa chini safu kwa safu, na vidole vyao vimeungua kwa mafuta ya maganda kama vyako.

Mwanao akupendaye,
Zuhura