Shemeji Aliyemfunga Maria Mdomo

Mama Viktoria, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana nimekasirika mpaka chakula hakishuki. Mimi ni mjane wa hapa Dadamu, nalima muhogo na ufuta, binti yangu Patience ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na tangu baba yake afariki mwenye sauti nyumbani ni shemeji yangu Enoch, ambaye pia ndiye katekista wetu, na huyo Enoch ameamua Patience aolewe na Ulrich, muuza vitenge wa Koboko mwenye umri wa baba yake, ili kwa ng'ombe wa mahari amwoze mke mwanawe mwenyewe, na wala hafichi. Wiki iliyopita wazee wa ukoo walikaa, nikasimama niseme kwamba mtoto wangu anasoma na haolewi, na kabla sijamaliza Enoch akainua Biblia akasema, "Mama Patience, kaa chini. Maria mama ya Yesu, mambo yote alikuwa naweka ndani ya roho, hapana piga kelele. Wewe iko nani?" Wazee wakaitikia, nami nikakaa, kwa sababu mwezi wa tano ni mimi ninayebeba sanamu ya Mama Maria kwenye maandamano, sasa ningebishana naye vipi? Lakini moyo unanichoma. Jumapili Ulrich anakuja na watu wake kumaliza maneno ya posa. Je, nikisema nitakuwa nimemkosea Mama Maria?

Driciru, Dadamu

Driciru, pole sana, na hasira yako ni halali. Ila nawe nakulaumu kidogo. Unambebaje Maria begani kila mwaka bila kusoma aliyoyasema?

Ni kweli Luka ameandika kwamba aliyaweka mambo moyoni. Hapo alikuwa amejifungua mahali pa kulishia ng'ombe na wachungaji wamemjazia nyumba, acha mzazi apumzike. Lakini shemeji yako ameanzia sura ya pili, ya kwanza ameiruka. Humo malaika analeta habari kutoka kwa Mungu mwenyewe, na yule msichana anamuuliza mambo hayo yatawezekanaje. Aliuliza, akajibiwa, ndipo akakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Gabrieli hakumwambia kaa chini. Enoch amempita Gabrieli cheo tangu lini? Halafu Maria akapanda milimani kwa Elisabeti, akaimba habari za wakubwa kuangushwa vitini. Hekaluni alimhoji mwanawe mbele ya walimu, na kule Kana divai ilipokwisha ni yeye aliyesema. Huyo ndiye mnayemfanya bubu ili mtu apate ng'ombe? Ni aibu, na kwa katekista ni aibu mara mbili.

Sasa nisikilize. Mpigie kaka yako leo. Kwa desturi yenu mjomba ana ng'ombe wake katika mahari, basi aje Jumapili amkatae ng'ombe huyo mbele ya wote, tuone watamaliza maneno gani. Kesho nenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kisha upande boda mpaka Arua, ofisi ya probesheni inayoshughulikia watoto, ukiwa na cheti cha ubatizo cha Patience kuonyesha umri wake. Sheria ya Uganda hairuhusu mtoto wa miaka kumi na sita kuolewa, awe na baba au asiwe naye. Ulrich akisikia neno polisi, atakumbuka kwamba ameacha duka wazi.

Na Jumapili usijifiche jikoni. Chukua kiti, kaa walipo wazee. Enoch akiinua Biblia, mwombe aifungue, asome Luka sura ya kwanza kwa sauti. Akikataa, isome wewe. Patience atakuwa nyuma ya ukuta anasikiliza. Ukinyamaza, atajua kwamba mama hunyamaza, naye atakwenda kunyamaza Koboko.