Bunduki ya Mkweo

Ibra, Jumatatu baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naubusu mkono wako kutoka huku mbali, na wa mama pia, wa kulia na wa kushoto. Vipi magoti ya mama? Mvua zimekunyesheeni au bado mnatazama mawingu? Na jicho lako lile, daktari kasemaje? Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa bega la mkweo Seif, ambalo limevimba na limeijaza nyumba nzima harufu ya mafuta ya karafuu. Uvimbe huo ndio ulionikalisha niandike, maana chanzo chake ni wewe.

Nianze na kheri. Mjukuu wako Rahma ameolewa Alkhamisi iliyopita. Mume ni kijana wa hapahapa Ibra, mwalimu wa skuli, mpole mpaka mama yake humsemea. Harusi imepita vizuri mno, na bado nasikia nyimbo masikioni nikiosha vyombo. Lakini kabla yake nilikuwa na kazi kubwa, Baba, na kazi yenyewe ilikuwa baba wa bibi harusi.

Huku Oman kwenye Idi na harusi wanaume hupanga safu mbili wakaimba razha, kila mtu na upanga wake au bunduki yake, na baba wa bibi harusi husimama mbele. Tangu tuhamie kutoka Maskati, Seif anajificha. Ikifika Idi ana homa. Ikifika harusi ya watu, gari imeharibika. Unamjua, mtu wa mjini Unguja, karani mtoto wa karani, bunduki alizoea kuiona mabegani mwa askari tu. Safari hii ami yake, Mzee Hamed, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alimwambia mbele za watu: "Seif, siku ya bintiyo usije na bunduki ya kuazima. Kama huna yako, kaa ndani na wanawake."

Alirudi nyumbani hakula. Nilimwonea huruma, na ami yake nilimwonea hasira. Mwanangu aolewe, baba yake amejificha jikoni anahesabu sambusa?

Nikamwambia, "Kibali cha polisi unacho, umekitia kwenye kabati miaka miwili. Ijumaa twende Nizwa, nitakuchagulia mimi."

Alinitazama kama niliyemwambia nina mimba ya pacha. Alijua baba yangu mwindaji, lakini alidhani kazi yangu ilikuwa kupika hiyo nyama. Hakujua kwamba kaka alikuwa akiogopa mlio, na mimi ndiye uliyekuwa ukinichukua porini kufuata swala.

Bunduki za kisasa hatuziwezi kwa bei. Uwezo wetu unafika kwenye zile kuukuu za risasi moja moja, unavuta wenzo, unatia, unafunga, unapiga, kama yako. Seif aliona haya. Mimi nikamwambia kwamba baba yangu kalisha watu kumi na moja kwa bunduki kama hiyo, na kwamba ulikuwa ukisema mwenye risasi moja hutazama vizuri kabla ya kupiga.

Soko la Nizwa siku ya Ijumaa ni la mbuzi kwanza. Wenyewe huwazungusha mbuzi kwa kamba, wanunuzi wamekaa wanawashika mbavu. Pembeni kuna wazee wametandaza mablanketi, juu yake majambia na bunduki. Tulipatana hivi: Seif azungumze, mimi nisimame nyuma yake. Akishika mbovu, nitavuta shela nifunike pua.

Ya kwanza aliyoishika ilivishwa fedha kutoka kitakoni mpaka mdomoni. Macho yakamng'ara. Mimi nikaona mshipi mmoja wa fedha umekaa pasipo pake, kwenye shingo ya kitako, pale penye desturi ya kupasuka. Nikafunika pua. Akairudisha kama anayemlaza mtoto. Ya pili ilikuwa nyembamba, haina pambo, mtutu umenyooka, na nilikuwa karibu kumwashiria achukue. Hapo wakapita mbuzi, vumbi likatimka, nami nikafunika pua. Seif akaiweka chini. Kabla sijashusha shela, Bedui mmoja wa mji wa Adam keshaichukua na keshalipa.

"Mbona umeirudisha?"

"Si umefunika pua wewe?"

"Vumbi, bwana wee! Huwaoni mbuzi?"

Hasira zikanipanda, Baba, nikasema maneno yangu yote kwa Kiswahili. Nikasema zilizobaki ni vyuma vya kufungia mlango. Nikasema huyu mzee kaficha ufa kwa mshipi wa fedha, mwizi wa mchana huyu, twende zetu.

Muuzaji alikuwa mzee wa ndevu za hina, na tangu tufike alikuwa akisema Kiarabu kitupu. Akajikohoza, kisha akaja na Kiswahili safi. "Mama," akasema, "vyuma vya mlango naviuza nyumbani. Hapa nauza bunduki."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nikamwomba radhi mara tatu. Kumbe kakaa Nzega miaka ishirini na tisa na duka lake la nguo.

"Wallahi, nimecheka moyoni tangu mlipoanza," akasema. "Oman hii ukitaka kumteta mtu, jifunze Kichina. Lakini ule ufa umeujuaje?"

"Baba yangu mwindaji. Yuko Tabora."

"Na nyinyi mnataka kuwinda nini? Paa wa huku analindwa kuliko wanangu."

"Hatuwindi, mzee. Tunaoza."

Akamtazama Seif, akanitazama mimi, kisha akavuta gunia kutoka chini ya blanketi. "Hii simtolei mtu anayetafuta pambo," akasema, na akanipa mimi, hakumpa Seif.

Ilikuwa mbaya kwa sura. Kitako kina alama ya moto, na mtutu umepauka. Nikaitikisa, haikulia. Nikavuta wenzo, nikaielekeza mbinguni na kuchungulia ndani: ile mifuo inayoizungusha risasi ilikwenda safi mpaka mwisho, haina kutu. Nikamwomba risasi moja, nikaichomeka ncha mdomoni mwa mtutu kama ulivyonifundisha, ikakwama mapema. Haikumezwa, basi mtutu haujalika. Watu walishajaa, na vijana wawili wakacheka kuona mwanamke na bunduki. Yule mzee akawaambia wanyamaze wajifunze. Bei aliyotutajia tuliiweza, na tukabakiwa na ya halwa. Amesema nikusalimie sana, kwa hivyo umesalimiwa na Nzega.

Siku mbili kabla ya harusi tulikwenda bondeni, mbali na watu, tukaweka kopo juu ya jiwe. Seif alikataa kuikaza begani, akisema itamuumiza, ikamuumiza. Kopo halikujua hata kama tunaligombania. Akaniambia, "Hebu wewe." Nilikuwa sijapiga bunduki miaka kumi na tisa, Baba. Nikapiga moja. Kopo likaruka. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na Seif akakaa chini akacheka kama mtoto.

Alkhamisi akasimama mbele, kanzu nyeupe, bunduki kwenye bega lililo zima. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili, karibu tu, tunasikia kila kitu. Mzee Hamed akaja akaiangalia. "Hii ndiyo? Hii si ya kuchungia mbuzi?" Watu wakacheka. Kisha akaivuta wenzo, akachungulia ndani. Akaitikisa. Akachungulia tena.

"Nani kakuchagulia?"

Seif angeweza kusema ni yeye, na mimi nisingemlaumu. Lakini alisema kwa sauti, "Mke wangu."

"Na yeye kafundishwa na nani?"

"Na baba yake, Nasoro bin Khalfani, mwindaji wa Tabora."

Mzee Hamed hakucheka. Alimgeukia mshairi anayeongoza razha, akamnong'oneza, na mshairi akatoa beti. Ni za Kiarabu, siwezi kukuandikia zote, lakini maana yake ni kuwa Nasoro wa Tabora jicho lake limevuka bahari na binti yake. Safu zote mbili zikaitikia, wanaume wa Ibra na wageni waliotoka Sur na Nizwa, panga juu, na bunduki zikalia. Ile yetu ililia kwanza.

Msalimie mama, na shangazi anayekaa nanyi, na shemeji yangu mke wa kaka, na jirani yule aliyenisuka nywele siku ya safari. Rahma na mumewe wanakuamkia.

Najua atakayekusomea barua hii ni kaka, na najua anavyosoma mbiombio. Mwambie arudi pale penye jina lako, asome polepole, na mama awe karibu.

Mwanao,
Zuhura