Upepo Gani Huo Unaopiga Mguu Mmoja?

Shangazi Vukosava,

Naandika kwenye ukurasa wako wa gazeti mguu wa kushoto ukiwa juu ya kiti, umevimba, umefungwa majani ya kabichi, na nina hasira, naomba unisikilize bila kunicheka. Mimi ni mwanamke, ingawa nilipozaliwa hapa mjini Niš mkunga alitangaza mvulana, na tangu majira ya kuchipua natumia vidonge vya homoni ya kike nilivyoandikiwa na daktari bingwa, nikawa na furaha ambayo sikuwahi kuijua, ila kifua kikawa kinachelewa, basi rafiki yangu akanishauri niongezee vidonge vya kupanga uzazi, "Meza tu, mwenzio nilimeza na sikufa," nikameza, na sigara sijaacha, sasa shavu la mguu linauma na lina joto, na bibi yangu Desanka anasema ni upepo, eti nilikaa kati ya dirisha na mlango vyote vikiwa wazi, na kila jioni ananisugua kwa pombe kali ya matunda ya plamu mpaka nalia.

Hospitali siendi. Mara ya mwisho nilikwenda na kikohozi, mama wa dirishani, pale mapokezi, akaniita kwa lile jina la zamani ambalo bado liko kwenye kadi yangu ya matibabu, kwa sauti ya kufukuza mbuzi, nilipoinuka na sketi yangu ukumbi mzima ukageuka, na daktari wa zamu hata kifua hakunisikiliza, akasema, "Acha kwanza hayo mahomoni yako, ndipo tuongee." Kikohozi, Shangazi! Na Ijumaa ni Mtakatifu Nikola, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yetu, na bibi, ambaye kwa muda mrefu hakutaka hata kuniona, amesema safari hii mimi ndiye nitakayesimama mlangoni na bakuli la ngano tamu ya kuchemsha kupokea wageni, kazi ya binti wa nyumba, nikiikosa sijui kama nitapewa tena. Nisubiri sikukuu ipite? Namba ya simu ya nyumbani nimeiweka chini.

Višnja

*

Višnja,

Nilipofika kwenye shavu la mguu lenye joto niliacha kusoma nikapiga simu. Akapokea bibi yako, na kwa kuwa nusu ya wasomaji wangu wana bibi kama huyo, acha wasikie.

"Ni upepo tu, mwanangu," akaniambia.

"Upepo gani huo, mama, unaopiga mguu mmoja ukauacha wa pili?"

"Mimi namsugua vizuri."

"Usimsugue! Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Donge likimeguka likafika kwenye mapafu, Ijumaa hutapokea wageni wa sikukuu, utapokea wa msiba."

"Hataki kwenda. Watamwita lile jina."

"Basi nenda naye, ukasimame wewe dirishani."

Akanikatia simu. Nilidhani nimemuudhi, kumbe alikuwa anatafuta viatu.

Jioni akanipigia kutoka hospitali: umelazwa, donge limeonekana, unapewa dawa za kuzuia damu isizidi kuganda. Namshukuru Mungu, na sasa nakugombeza. Nani alikwambia homoni ni sabuni, ukizidisha unapata povu zaidi? Kifua huanza kujitokeza baada ya miezi kadhaa na huchukua miaka miwili, mitatu, kufika kitakapofika. Kuongeza dozi hakukiharakishi hata kidogo. Estrojeni ya kumeza, hiyo homoni yako ya kike, inaongeza hatari ya damu kuganda, vidonge vile vya kupanga uzazi zaidi, na wewe ukaweka sigara juu yake! Rafiki yako hakufa, sawa, lakini hicho si kipimo. Kipimo ni cha maabara, kila miezi mitatu hivi katika mwaka wa kwanza, ndiyo maana daktari bingwa yupo.

Mwambie kila ulichomeza, usimfiche hata kidonge. Usiache homoni wala usizirudie kwa uamuzi wako; muulize yeye na daktari wa damu kuhusu za kubandika au kupaka kwenye ngozi, ambazo hatari yake ni ndogo. Wengi wanaendelea nazo salama. Na kama unatamani mtoto wa damu yako, lizungumze sasa, maana dawa hizi hupunguza uwezo wa kuzaa, na huenda uwezo huo usirudi. Sigara tupa leo.

Ijumaa bakuli atalishika bibi yako mwenyewe. Ameniambia atakayeuliza binti wa nyumba yuko wapi atajibiwa, na kwa sauti ile namhurumia atakayeuliza.

Daktari wa zamu, kikohozi husikilizwa kifuani. Ungemuuliza Višnja kwa heshima anameza nini, angekwambia yote siku ile, na ungekuwa umefanya kazi yako.

Na wewe mama wa dirishani, hasira yangu kubwa nimekuwekea wewe. Binti huyu alikaa na donge la damu mguuni kwa sababu aliogopa sauti yako kuliko kifo. Ita watu kwa jina la ukoo, au uliza taratibu, "Nikuiteje?" Kuna mwingine hapa mjini anaumwa leo na hana bibi wa kumburuta mpaka kwako. Huyo hutamwita kwa jina lolote, kwa sababu hatakuja.