Kura ya Mama Mkononi Mwangu

Nyumbani, ghorofa ya tatu,
Jumanne, siku mbili baada ya uchaguzi.

Mpendwa Dada,

Kwanza nikujulie hali. Mgongo umekubali dawa, au bado unakaa upande kama mgeni aliyekaribishwa nusu kiti? Shemeji naye ameacha kukoroma? Huku sisi wazima, tukiondoa goti la mama linalogoma kwenye ngazi, na presha ya macho ambayo sasa imekula hata ule mwanga mdogo aliokuwa akiuona dirishani. Halalamiki. Anasema zamu ya macho imekwisha, tumwachie masikio.

Najua unachosubiri kusoma, kwa hiyo sitakuzungusha. Mama alipiga kura ya meya, na mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu. Lakini lazima nikusimulie tulivyofika hapo, maana jambo lenyewe linanishangaza mpaka leo, na wewe una sehemu yako ndani yake.

Wagombea unawajua wote watatu. Daktari wa meno uliyesoma naye, mwenye tabasamu analolivua pamoja na koti jeupe. Mwalimu mkuu wetu mstaafu, ambaye akinikuta barabarani bado ananiita "wewe wa nyuma". Na mkandarasi, yule aliyenifukuza kazi mwaka juzi niliposema mabomba ya jengo lake yanafukiwa ukutani bila kujaribiwa. Mimi ni fundi bomba, Dada. Bomba ambalo halijajaribiwa siwezi kulifumbia macho hata kama linapita chumbani kwa adui yangu. Wifi yako alisema basi tushike la wahenga, heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama akamuuliza nani ameipima hiyo nusu.

Mimi nilikuwa nimeshaamua karatasi yangu niiache tupu. Mama alipolisikia hilo aliweka kikombe chini. Unakumbuka alivyokuwa opereta wa simu pale hospitali, miaka thelathini na moja na vile visikizi kichwani, anaunganisha watu asiowajua. Akaniambia, "Simu ikiita bila kupokelewa, aliyepiga hajui kama umemkasirikia au uko bafuni."

Kisha akaamua kuwapigia wagombea wenyewe, mmoja mmoja, awaulize swali. Nilimcheka. Nilisahau kwamba mwanamke huyu amefanya kazi na makatibu muhtasari maisha yake yote na anajua mlango wa nyuma wa kila ofisi. Tukakaa jikoni, simu yangu juu ya meza, spika imewashwa, na mama akatoa ile sauti ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto, sauti inayomfanya mtu anyooshe mgongo. Hakuomba kuzungumza na mheshimiwa yeyote. Alisema tu, "Niunganishie daktari," nao wakamuunganishia.

Swali lilikuwa moja kwa wote watatu: ukikosea, nani atakwambia?

Daktari alisema wananchi ndio watakaomwambia, akashukuru kwa simu, akaaga. Hata sekunde ishirini hazikufika. Mwalimu mkuu alizungumza dakika kumi na moja juu ya nidhamu, akamuuliza mama alisoma shule gani, na swali likabaki limesimama pembeni kama mtoto aliyechelewa darasani. Mkandarasi alinyamaza. Nilidhani laini imekatika, nikanyoosha mkono kuishika simu, mama akainua kidole nisubiri.

"Kuna fundi bomba mmoja aliwahi kuniambia," mkandarasi akasema. "Nilimfukuza."

"Alikuwa amekosea?"

"Hapana, mama. Hakukosea."

Mama akamshukuru kwa muda wake, akakata. Hakumwambia yeye ni mama wa nani. Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi, na nilikasirika kuliko siku ile niliyofukuzwa. Kumbe alijua! Mtu mzima anakiri kosa lake kwa sauti asiyoijua, na mimi tukipishana sokoni ananipa mgongo.

Kesho yake nikamfuata kwenye jengo lake. Sikwenda kugombana, niamini. Nilikuwa na hamu ya kujua tu. Nikamuuliza kama kweli nilikuwa sahihi, huo ukuta ataufungua lini. Aliitazama kofia yake ya ujenzi, akaigeuza mkononi mara mbili, akasema baada ya uchaguzi. Nilirudi kwa mama na jibu hilo nikijua limekata mzizi wa fitina. Mama akafikiri kidogo, akasema, "Angalau kakupa tarehe."

Siku tatu baadaye ndipo ulipopiga simu wewe. Uliniambia, nusu utani, kwamba kwa kuwa mama haoni nimwekee tu alama kwa daktari, nani atajua. Nilicheka, sikusema ndiyo wala hapana, tukahamia kwenye habari za watoto. Sasa nisikufiche. Wazo hilo lilikuwa limeshanipitia kabla hujalisema. Ila mimi sikuwa nikimfikiria daktari. Nilichotaka ni mkandarasi akose.

Jumapili tulikuwa kituoni saa mbili asubuhi, kwenye ile shule ya msingi, darasa lenye jedwali la kuzidisha ukutani. Msimamizi wa kituo aliniapisha mbele ya makarani kwamba nitaweka alama pale tu mpiga kura atakaponielekeza, na kwamba sitamwambia mtu yeyote. Kwa hiyo usiniulize, wala usikae unakisia. Wewe ni damu yangu, lakini nimeapa.

Tukaingia nyuma ya kizuizi cha kadibodi. Mama aliuweka mkono wake mezani, kando ya karatasi. Hakuuweka juu ya mkono wangu. Nilimsomea majina matatu kama yalivyopangwa, akaninong'oneza moja. Basi. Kalamu ninayo mimi, hakuna anayetuona, na aliye karibu nami haoni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko unaohitajika kuchora alama moja. Wala sikuwa nikiuwaza mji. Nilikuwa nikiwaza kwamba nikimwibia mama kitu hiki, sitapata tena pa kukirudishia, kwa sababu hatajua kamwe kama kiliibwa. Niliogopa, Dada, na nilijionea aibu kwa kuogopa.

Nikaweka alama pale aliposema. Nikaikunja karatasi nikampa, akaupapasa mdomo wa sanduku, akaitumbukiza mwenyewe.

Halafu ikaja zamu yangu, peke yangu. Sikuiacha tupu. Nilimpa daktari wa meno, na usijisifu, si kwa ajili yako. Ni yeye pekee ambaye bado hatujagombana naye, na nina hamu ya kuona tutagombania nini. Mama alishasema kwamba pale mtu hachagui mume, anachagua wa kuvutana naye miaka mitano. Sijui kama nimefanya vizuri. Matokeo wanatangaza kesho, na yeyote atakayeshinda nitakwenda kumuuliza habari za ule ukuta.

Wakati wa kurudi mama aliniuliza kama kuna mawingu, kama tumefika ukingo wa barabara, kama duka la kona limefunguliwa. Kuhusu kura, kimya. Tulipofika ghorofa ya pili, pale anapolipumzisha goti, nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mbona haulizi nimeandika nini.

"Nilisikia kalamu imesimama," akasema. "Halafu nikasikia imeandika."

Masikio yaliniwaka moto. Nikamuuliza angejuaje kama nimeandika kwa mwingine.

"Ungekuwa unaongea njia nzima."

Anasema miaka yote ile kwenye simu, mwenye la kuficha ndiye aliyekuwa wa mwisho kukata. Akanishika kiwiko, tukamalizia ngazi. Nililia kidogo nikiwa kando yake. Hakuona, lakini sina shaka alisikia.

Msalimie sana shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba wao hajasahau ile baiskeli, anatafuta tu mnyororo unaolingana. Wifi yako anakusalimu na anataka picha zenu, safari hii zisizokatwa vichwa. Mama anakuombea kila asubuhi kwa jina lako la utotoni, lile usilopenda. Nami namwomba Mungu akutulizie huo mgongo na aikalishe nyumba yako kwa amani.

Mama hajui uliniomba nini, na kwangu hatalisikia. Lakini Jumapili utampigia kama kawaida yako, naye atakuwa ameketi jikoni, sikio lake wazi. Nakuomba, Dada, siku hiyo usiongee sana.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Kitinda