Makofi Uliyoyafuta

Tanga, Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Deo,

Sauti ya mama ilipotea mwezi wa nne, siku uliyoikatakata ile rekodi kwenye kompyuta yako pale studio Majengo, na mimi nimekuja kujua jana Jumapili, baada ya misa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu utasoma salamu tu, halafu barua utaiweka juu ya spika.

Haya, salamu. Huku tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo kwa vumbi la unga, lakini anakula vizuri na maneno yake ni yale yale. Ninyi hamjambo? Baridi ya huko imeshakaza, najua. Mama analala na soksi? Mguu wake wa kushoto bado unavimba jioni? Tangu kiharusi kimkamate na kumfunga ulimi baada ya Krismasi, wifi Oliva ananipa habari zake kila siku, na ninamshukuru mkeo kuliko ninavyokushukuru wewe. Ningekupigia, lakini wiki iliyopita nilipiga mara sita na mara sita ukasema, "Dada, nipo studio, nitakucheki." Hukunicheki. Barua hii nimempa Sudi, dereva wa lori anayeniletea mahindi na ulezi. Nimemwambia akupe mkononi na asimame hapo mpaka uifungue.

Jumamosi umeme ulikatika kwetu tangu alfajiri. Nikawasha mashine ya dizeli, nikasaga mpaka saa tisa, simu imezima kwenye mkoba. Nilipoiwasha zikaingia meseji ishirini na tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mwenzangu wa kwaya wa zamani: "Poleni sana, tumepata taarifa za Resti." Nikasoma mara mbili. Resti ni mimi! Nimesimama na gunia begani, napewa pole ya kifo changu.

Oliva ndiye aliyenieleza. Shangazi Gaudensia alikuwa Matai, amekwenda kwenye mambo ya shamba lake, akakaa kunywa chai kwenye kibanda. Kijana wa bodaboda akafungulia wimbo. Shangazi akasikia sauti ya mama yetu, dhahiri, ikiita: "Restituta. Restituta. Restituta." Kimya hakuna, jibu hakuna, makofi hakuna. Wewe ungemtegemea yule mzee wa miaka sabini na kitu aelewe nini? Pale kwetu nani huitwa mara tatu bila kuitika, kama si marehemu? Aliacha chai, akajifunga kanga kiunoni, akapanda gari la Sumbawanga analia. Alipofika kwetu Katandala alianza kupiga yowe toka kwenye duka la kona. Majirani wakatoka. Baba Festo akaleta kuni. Kuni za msiba, Deo! Wanawake wakaingia ndani wakaanza kuhamisha viti.

Na mama alikuwa ameketi pale kwenye kiti chake, hawezi kuuliza. Tangu saa tano mpaka saa tisa na robo aliamini mimi nimekufa. Saa nne na robo. Oliva anasema hakulia, alikuwa anapigapiga goti lake kwa mkono ule mzima. Nilipopiga simu ya video akaishika simu kwa kiganja kizima, akafunika kamera, sikumwona hata uso. Nilisikia anavyohema tu.

Wewe ulikuwa wapi? Ulirudi jioni, na Oliva hakunificha ulichosema: "Sasa si ndiyo imeshika hiyo? Hadi Matai wanaipiga!" Na shangazi akakujibu mbele ya watu, "Mpumbavu wee, umemzika dada yako kwa ngoma." Alikuonea huruma. Mimi ningeongeza.

Jana nikatulia, nikavaa vile vya masikioni, nikausikiliza wimbo wako kuanzia mwanzo. Nikausikiliza mara nne. Nilimrekodi mama mwaka jana nilipokuja likizo, akiita majina ya watu wa nyumba, ulezi umeshaingia ghalani, kabla ugali wa kwanza haujapikwa. Unakumbuka vizuri, ulikuwepo, umesimama karibu na mlango na shati la njano. Nilirekodi dakika kumi na tisa na sekunde arobaini. Wimbo wako una dakika tatu na sekunde kumi na mbili, na humo mama anasikika dakika moja haijatimia. Alitaja majina kumi na moja. Wewe umebakiza moja, langu, na umelirudia mara ishirini na nne. Nilihesabu kwa vijiti vya kiberiti nikavipanga mezani.

Halafu ile sauti yenyewe. Umeipitisha kwenye mitambo mpaka inatetemeka kama mbuzi aliyeshikwa mguu. Mama hajawahi kuimba yale maneno. Anayasema, tena polepole, kwa Kifipa cha ndani kabisa, kama mtu anayepima nafaka kwa kibaba. Kila mtu wa nyumba ana maneno yake. Mimi aliniambia, "Restituta wa miguu isiyokaa, ulezi huu hukuulima lakini una jasho lako. Upo?" Kisha anangoja. Ukipiga makofi mawili, upo, anakwenda kwa mwingine. Huwezi kusema "nipo" kwa mdomo, huwezi kuitikiwa na mwingine. Usipopiga hasogei. Mwaka ule wewe ulichelewa kwa sababu ulikuwa unachezea simu, akakungoja mpaka shangazi akakufinya, watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwemo kwenye rekodi. Umekifuta.

Umeyafuta makofi yote. Umeuziba ukimya wote. Uliniambia mwenyewe mwezi wa tano, nilipokuuliza kazi imefikia wapi: "Dada, zile sehemu kimya msikilizaji ataona simu imezima. Na yale makofi ni kelele, yanagongana na biti." Nikadhani unasema sekunde mbili tatu. Kumbe umefagia nyumba nzima ukaacha mama anaita watu wasiokuwepo.

Na pale kwa Kizito je? Kaka yetu aliyefariki kwa surua kabla hujazaliwa. Yeye mama humwita mara tatu, kwa sababu hatapiga makofi, halafu mama mwenyewe ndiye anampigia. Kwenye rekodi yangu, baada ya mara ya tatu alikaa sekunde tisa. Sekunde tisa, Deo, nilikuwa naangalia saa ya simu nikidhani amechoka. Ndipo akapiga, taratibu, makofi mawili. Mtu amebeba mtoto wake miaka yote hiyo anamwekea nafasi kwenye ulezi mpya, wewe unakuja na kipanya unasema hapo pamelala. Kisha unachukua kuita kule kwa marehemu unanibandika mimi. Ulijua. Mtu mwingine yeyote wa Majengo angefanya hivyo ningesema hajui. Wewe umezaliwa mlango ule ule.

Usije ukawaambia watu dada yako hapendi muziki. Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa anapiga zeze mama akisema maneno yale yale. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka: zeze linakwenda chini chini, jina likitajwa linanyamaza, makofi yakilia linarudi. Linaingia pale linapoachiwa nafasi. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa. Nilikwambia, tafuta mtu wa zeze, au hata gitaa moja, weka chini ya sauti ya mama, majina yabaki wazi, kisha tupate kitu watoto wetu watasikiliza. Ukasema, "Poa dada, niachie mimi fundi." Nikakuachia. Hapo kosa ni langu na ninalikubali: nilikupa memori kadi ile bila kubakiza nakala, kwa kuwa fundi wa familia ni wewe. Mimi niliyeanza na ndoo moja ya kuuza unga na sasa nina mashine mbili, nisiyempa mteja hata debe bila kuandika, nilikupa sauti ya mama kama mtu anayeazima kiberiti.

Wakati huo mama alikuwa anaongea. Tulikuwa tunasema kama imeharibika tutamrekodi mwakani. Mwakani ndio huu. Ulezi umeingia, mama amesimamishwa mlangoni pa ghala na Oliva na shangazi, akafungua mdomo ikatoka "eeh" moja. Watu wakaangalia chini. Oliva akajaribu kupiga makofi ili kumsaidia, mama akatikisa kichwa. Hakuna aliyeitwa mwaka huu, na ugali ulipikwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana jana nilimwomba Oliva akuulize rekodi nzima iko wapi. Akanirudishia maneno yako: "Nilifuta kwenye kadi kupata nafasi ya biti, na kwenye kompyuta nilibakiza vile vipande tu." Nafasi ya biti! Nilikaa chini kwenye magunia, nikacheka peke yangu kwa hasira.

Sasa sikiliza, matusi yameisha, nasema kazi. Hapa kuna fundi wa simu, mtu mzima, hana maneno mengi. Nilimweleza. Akasema kitu kilichofutwa kwenye kadi huwa bado kimo mpaka uweke kingine juu yake. Kama hukuweka kitu, anaweza kukitoa chote. Kama umeweka kidogo, atatoa mabaki. Kama umeijaza, basi. Ameniambia kadi itolewe siku hii hii unayosoma, isichomekwe popote, ifungwe kwenye karatasi. Sudi anapakia mzigo Majengo na anaondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mpe yeye, usimpe mtu mwingine yeyote, na usijaribu kuitengeneza mwenyewe. Ule wimbo uondoe popote ulipouweka. Wale vijana wa bodaboda wafuate mmoja mmoja kama ulivyowagawia.

Msalimie Oliva, mwambie kitenge chake kinakuja na safari ijayo ya Sudi. Msalimie shangazi Gaudensia, mwambie marehemu anamshukuru kwa machozi na anamwomba arudi Matai akavune maharage yake. Baba Festo jirani mrudishieni kuni zake na mumwombe radhi. Mama mshike mkono ule mzima, mwambie Resti anakula, anasaga, anagombana na watu, ndiyo kusema yupo.

Swali langu ni moja na sitaki hadithi ya studio. Tangu ulipofuta sauti ya mama, hizo biti zako au kitu kingine chochote umeweka kweli kwenye kadi ile au hujaweka? Ndiyo au hapana. Niandikie nyuma ya karatasi hii hii, umpe Sudi pamoja na kadi, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Dada yako,
Restituta